Mbege Siyo Pombe, Daktari

Bora niseme mwenyewe kabla majirani zangu wa Kilema hawajawasimulia. Bei ya kahawa ilipoporomoka nami nikaporomoka nayo, nikaandikiwa vidonge vya sonona. Daktari akanionya nisiguse kitu kilichochachuka. Kina kemikali ya tiramini, akasema, na vidonge vile vinauzuia mwili kuivunja, hivyo presha itaruka. "Hasa pombe!" Nikaapa.

Jumamosi tukapeleka posa ya mpwa wangu, msemaji nikiwa mimi. Nilipoletewa bia niliisukuma mbele ya wakwe wote. "Pombe nimeiacha mimi!" Wakanipigia makofi. Kisha nikajipenyeza nyuma ya jiko, nikamaliza kata mbili za mbege, ndizi na ulezi vilivyochachuka vizuri. Kwetu mbege ni chakula, bwana!

Muda si mrefu kichwa kikaanza kugonga kama nyundo, moyo ukanienda mbio. Nikabebwa hospitali, wakwe nyuma yangu.

"Umekunywa nini?" daktari akauliza.

"Maji tu."

Dada yangu Filomena akanipangusa sharubu kwa ncha ya kitenge, akamwonyesha chembe zilizonata, akasema:

"Daktari, maji ya kwetu siku hizi yana ulezi."