Mfagiaji wa Emali Anayelinda Intaneti ya Bure

Saa tatu kamili asubuhi, Kalondu Ndeti anafungua mlango wa maktaba ya umma ya Emali, na foleni inamfuata ndani bila kusukumana. Anaketi mbele ya kompyuta ya pekee, anabonyeza, na modemu inaanza kukwaruza kama debe linaloburutwa juu ya mawe. Watu kumi na wanane wanainua shingo kuitazama.

"Imeshika," anasema, na foleni inapumua.

Ana saa moja tu ya laini ya simu kwa siku kutuma maswali ya watu kwa barua pepe na kupokea majibu, na hakuna anayelipa hata ndururu. Lakini Ijumaa hii ya Agosti 1999 kamati ya maktaba inakutana kuamua kama mambo yatabaki hivyo, au kila barua itatozwa shilingi arobaini.

"Mwenye pesa anaweza kujipeleka Nairobi," anasema Kalondu. "Hii ni ya yule hana."

Ukweli ni kwamba hakuajiriwa kukaa mbele ya mashine. Aliajiriwa mwaka 1979 kufagia, akiwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha darasa la saba. Kwenye karatasi bado ni mfagiaji, kwa mshahara wa shilingi 3,400. Wakutubi waliletwa wakahamishwa, wengine kabla ya kujua choo kiko upande gani. Yeye akabaki, akisoma kila alichokipangusa. Wahisani walipoleta kompyuta Januari, wakafundisha siku mbili wakaenda zao, mtu wa kufundishwa alikuwa yeye peke yake.

Mwanzoni alifanya kosa ambalo leo linamchekesha mpaka anashika mbavu. Jibu la kwanza lilikuwa la Mzee Nzuki Mulei wa Kasikeu, aliyeuliza dawa ya wadudu wanaogeuza mahindi unga ghalani. Kalondu alilichapisha na, kwa mazoea ya miaka ishirini, akaligonga muhuri wa tarehe ya kurudisha kama kitabu.

Siku ya kumi na nne mzee akatokea na karatasi yake ndani ya mfuko wa sukari.

"Niliona muhuri," anaeleza Mzee Nzuki, asione cha kuchekesha. "Kitu ya serikali iko na tarehe, unarudisha. Lakini kwanza tuliisoma kanisani, watu wakaandika."

Kalondu aliona haya kumwambia kuwa barua ilikuwa ya mzee mwenyewe, si ya kurudisha. Akaipokea, akaiweka kwenye faili. Wiki iliyofuata jirani wa mzee akaja kuiazima.

Tangu hapo kila jibu lisilo la siri linagongwa muhuri. Faili sasa ina majibu 112, na hakuna hata moja lililopotea, jambo ambalo vitabu vya maktaba hiyo haviwezi kujivunia. Sauda Abdulkadir, anayefuma sweta za shule, alipata humo mchoro wa kutengeneza mashine yake.

"Aliyeuliza simjui," anasema Sauda. "Jibu lake ndilo linanilisha."

Ijumaa, mwenyekiti Mwangangi alifungua kikao kwa kusema cha bure hakithaminiwi. Kalondu hakubishana naye. Aliweka faili mezani akarudi kusimama karibu na mlango. Mwangangi alifunua karatasi kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuazima ile ya mbuzi wanaotupa mimba.

Kura zilikuwa sita kwa moja. Ni bure.

Kuna jambo ambalo Kalondu hakuwa amelisema. Kwa miezi minane hakuwahi kutuma swali lake mwenyewe. "Ningeanza na yangu, wangesema mashine ni yangu," anasema.

Jumatatu anampa Sauda kiti, maana naye ameshajua kubonyeza, kisha anakwenda kusimama mkiani mwa foleni, mtu wa tisa.

"Mwaitu, mama, pita mbele," Mzee Nzuki, aliye wa tatu, anamwambia.

"Hapana, mzee wangu. Foleni ni foleni."

Mkononi ana karatasi aliyoiandika na kuifuta mara nyingi. Swali lake ni hili: mtu wa darasa la saba, mwenye miaka arobaini na miwili, aanzie wapi kupata cheti cha ukutubi?

"Wameniletea wakutubi saba kutoka mbali," anasema, akisogea hatua moja. "Wa nane nataka awe mimi."