Marehemu Hapigwi Muhuri

Jina lake halisi mtaani wamelisahau. Wanamwita Kidevu, na si kwamba kidevu chake kina ajabu yoyote. Ni kwa sababu kila anayeingia studio kwake kupiga picha ya pasipoti huambiwa maneno yale yale: "Kidevu juu." Awe hakimu, awe muuza mkaa, kidevu juu. Siku moja aliletewa kichanga aliyelala fofofo mapajani mwa mama yake, na Kidevu kwa mazoea tu akamwambia naye, "Kidevu juu, mzee."

Studio yenyewe ni chumba kimoja. Kuna pazia jeupe, kuna stuli, kuna kioo chenye kitana kilichofungwa uzi ili kisiende na mteja, na kuna koti moja jeusi ambalo nusu ya mtaa wamepigwa picha wamelivaa. Upande wa pili wa ukuta wa mbao yuko Kinyozi, mtu anayesikia kila kitu na kujibu hata asipoulizwa.

Kidevu ana sheria mbili za kazi. Kwanza, kila mtu anapigwa picha tatu. "Moja ya kamera, moja ya woga, ya tatu ndiyo yako," husema, kisha zile mbili za mwanzo anazifuta. Sheria ya pili aliachiwa na fundi aliyemfundisha: picha yoyote inayotoka nje ipigwe muhuri wa studio chini pembeni, isipokuwa picha ya mtu aliyefariki. Marehemu hapigwi muhuri. Utaandikaje jina la duka lako miguuni pa mtu huku watoto wake wanalia?

Basi mama yake mwenyewe alipofariki, Kidevu alituma kwenye grupu la familia picha aliyompiga uani, anaanika nguo, anacheka mpaka jicho moja limefumba. Hakuweka muhuri. Sheria ni sheria.

Mazishi pia aliyapiga picha yeye. Watu walinong'ona, lakini angefanya nini? Mikono ilikuwa inataka kazi. Alipiga jeneza, akapiga udongo, akapiga dada yake mkubwa ameshikiliwa huku na huku, na alichowaza muda wote ni mwanga: jua liko nyuma yao, nyuso zitatoka nyeusi. Machozi hayakuja. Alidhani yatakuja wageni wakiondoka. Wageni waliondoka na viti vya kukodi vikarudishwa, naye akabaki vile vile. Ndani yake palikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, unaubonyeza, haukujibu.

Akarudi kazini. Kidevu juu. Kidevu juu.

Siku moja mchana Dada aliingia studio anahema, simu mkononi.

"Mdogo wangu, kaa."

"Nimekaa."

"Basi simama. Tazama hii."

Ilikuwa picha ya bango kubwa lililobandikwa ukutani kwenye duka la dawa. Mama yao ndiye aliyekuwa anacheka pale. Pembeni yake kopo la dawa ya kuchua, na juu maneno manene: MAUMIVU? YASAHAU.

Kidevu aliitazama kwa muda. "Mama dawa za kuchua zilikuwa zinamwasha," akasema.

"Hilo tu ndilo unaloliona?"

"Na meno wameyapaka weupe."

"Meno ya mama yenu yalikuwa mazuri bila msaada wao!" Kinyozi akapiga kelele kutoka ng'ambo.

Kidevu akamgeukia dada yake. "Picha hii ilikuwa kwenye grupu la familia tu. Ilitokaje?"

Dada akaanza kukunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. "Niliituma kazini. Waliniomba. Walisema ana uso wa baraka."

"Kazini tu?"

"Na kwa wanawake wenzangu wa mtaani. Basi. Hao wengine mimi siwajui."

Na ajabu ya hizi simu ndiyo hiyo, kwamba hao wengine hawaishi. Wawili walipoanza kutafuta, walimkuta mama yao kila mahali. Mahali pengine anawatakia watu asubuhi njema. Pengine kaandikiwa, "Cheka, dunia inapita." Pengine anasemekana ana miaka mia moja na anatafuta ndugu zake waliopotea, na watu mia kadhaa wamemwombea. Pengine anauzwa. Kulikuwa na ukurasa wa kuuza picha, na wenye ukurasa walikuwa wamegonga muhuri wao begani kwa mama, juu ya ile blauzi ya kijani. Mwanawe aliona haya kumgonga muhuri. Wageni hawakupepesa hata jicho.

Jioni hiyo Kidevu aliiweka picha kwenye ukurasa wa studio yake mtandaoni. Akaandika, "Hii nimepiga mimi. Huyu ni mama yangu."

Asubuhi ukurasa wake ulikuwa umefungwa.

Ujumbe ulikuwa mfupi na una adabu zote. Ulisema ametumia picha ambayo hakimiliki yake ni ya mwingine, mwenyewe amelalamika. Kama anapinga, alete faili halisi kama lilivyotoka kwenye kamera, au ushahidi mwingine. Asipoleta, ukurasa utafutwa moja kwa moja.

Dada alipiga ukelele. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa nusu bado, akaja kuona.

"Yaani mwizi ndiye kakushtaki wewe?"

"Ndiyo."

"Na wewe umekaa hivyo hivyo, kama unasubiri chai?"

Kidevu alikuwa anafuta vumbi kwenye stuli. Alijua vizuri kilichokuwa kinaondoka. Maharusi walimpata kwenye ukurasa ule, na wahitimu pia. Kazi zake zote zilikuwa pale. Alijua, lakini kule kujua kulikuwa kama kumsikia jirani akigombana na mkewe: sauti inakufikia, ugomvi si wako.

"Faili halisi sina," akasema. "Nilikata upande wenye karai la kufulia ukatoka, nikaongeza mwanga, nikahifadhi juu ya ile ile. Na kwenye kadi ya kamera haipo. Mimi sinakili picha, nahamisha, ili kadi isijae."

"Ubahili wa nafasi umekuponza," Kinyozi akasema. Akakuna shingo kwa kitana. "Lakini ngoja, Kidevu. Aliyeiba kuku atakuonyesha kuku. Muulize kiota kiko wapi, hajui. Wewe si unapigaga tatu? Zile mbili nyingine ziko wapi?"

Kidevu aliacha kufuta.

Za wateja huzifuta. Za mama hakuzifuta. Hakuwa na sababu, hakuzifuta tu. Alihamisha ile ya tatu tu, hizi zikabaki kwenye kadi ya zamani, ndani ya mfuko mdogo wa begi la kamera, na tangu msiba alikuwa anatumia kadi nyingine na mfuko ule hakuwahi kuufungua.

Akaufungua. Akachomeka kadi kwenye kompyuta, Dada na Kinyozi wakimpumulia kisogoni.

Picha ya kwanza: mama ameinama juu ya karai, mgongo kwao, sketi imekwama kiunoni na shimizi la ndani, limechanika, liko nje lote. Hakujua kuwa anapigwa.

Picha ya pili: kiganja. Kiganja kikubwa, chenye povu, kimekuja mbele ya lenzi na kuziba karibu kila kitu. Pembeni kipande cha mkono wa blauzi ya kijani, kamba ya nguo, vibanio viwili, na pembe ya shuka la mirabaraba lile lile linaloonekana kwenye bango.

Hapo Kidevu akaisikia sauti ya mama siku ile, bila kutaka.

"We mtoto, nimekukataza! Sijavaa!"

"Umevaa, mama."

"Nimevaa nguo za kufulia. Hiyo nayo ni kuvaa?"

Na kwa jibu lake mwenyewe akacheka, na Kidevu akabonyeza ya tatu. Mama akafuta povu kwenye blauzi. "Haya, umeshinda. Ila kaa nayo mwenyewe. Usinitembeze."

Usinitembeze. Naye alimtembeza. Kabla ya Dada, kabla ya duka la dawa na wale wauzaji, mtu wa kwanza kumtoa mama uani na nguo za kufulia alikuwa yeye.

"Tuma zote mbili!" Dada akasema. "Ya kwanza hasa. Inaonyesha karai, inaonyesha ukuta, kila kitu. Hapo hawana pa kushika."

"Ya kwanza haiendi."

"Ni ushahidi, mdogo wangu!"

"Shimizi limechanika, Dada."

Dada akaiangalia tena. Akauvuta mtandio wake vizuri.

"Na hiyo ya mkono isipotosha?" Kinyozi akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Isipotosha, basi."

Akaifuta ya kwanza palepale, mbele yao. Akatuma kiganja. Chini yake akaandika, "Picha iliyotangulia ile. Alikuwa anakataa."

Siku zikapita bila jibu. Kidevu alifungua, akafagia, akapiga picha waliokuja. Dada alikuwa anapiga simu kuuliza, "Wamesema?" na yeye anajibu, "Bado," kwa sauti ya mtu anayeulizwa kama mvua imenyesha.

Kisha wakajibu. Malalamiko yametupwa, wale wauzaji wameondolewa picha, ukurasa wake umefunguliwa, samahani kwa usumbufu. Bango la duka la dawa nalo likabanduliwa. Wakabandika jingine, mama mwingine anacheka, mama wa mtu mwingine.

Kinyozi alikuja na soda tatu kusherehekea. Dada alikuwa tayari ameshika simu. "Iweke sasa! Iweke na muhuri, wakome!"

Kidevu alifungua ukurasa wake. Mama alikuwa pale juu kabisa, anacheka, jicho moja limefumba. Akaifuta.

"Wewe!" Dada akashika kichwa. "Si ndiyo umeshinda?"

"Ndiyo. Ni yangu," Kidevu akasema. "Aliniambia nikae nayo."

Kinyozi akafungua chupa. Wakanywa soda. Kidevu alijipima, kama mtu anayegusa jino baada ya ganzi, akakuta bado. Au pengine kwa mbali sana, kama sindano ndogo kwenye vidole. Hakuwa na uhakika.

Kabla chupa hazijaisha Kinyozi akarudi kwa mteja wake, na studio akaingia mwanamke mtu mzima, anataka picha ya pasipoti. Akaketi kwenye stuli. Kidevu akainua kamera. Yule mama akanyoosha mkono mbele ya uso.

"Ngoja kwanza mwanangu, sijajitengeneza."

Siku nyingine hiyo ingekuwa picha ya woga. Kidevu akashusha kamera mpaka kifuani.

"Ukiwa tayari, mama, uniambie."

Ng'ambo ya ukuta, mashine ya kunyolea ikazimwa. "Leo hakuna kidevu juu?" Kinyozi akauliza.

Kidevu aliishikilia kamera pale pale kifuani. Alikuwa anasubiri.