Bunduki ya Area 18 na Mnunuzi Asiyeomba Apunguziwe

Kabibi alipoishika tu ile bunduki, alisikia baba yake akikohoa nyuma yake.

Akageuka. Hakuna mtu.

Baba yake amezikwa Fizi, Kongo. Na yeye alikuwa sebuleni kwa watu, Area 18, Lilongwe, mchana kweupe.

Kabibi ni jirani yangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya Lilongwe. Haya alinisimulia mwenyewe, na amenikubalia niyaandike.

Ni fundi cherehani. Mteja wake mkubwa ni Mayi Kadzombe, yaani Mama Kadzombe, Mmalawi anayefanya kazi ofisi za serikali, Capital Hill. Siku moja Kabibi akimpima gauni nyumbani kwake Area 18, mama akamwambia anauza bunduki ya kuwindia ya marehemu baba yake. Ya zamani, ile unavuta komeo kwa mkono kila ukitaka kupiga. Kibali kipo, kwa jina lake. Anataka hela ya wakili, maana yeye na mdogo wake wanagombania shamba la urithi.

"Mnunuzi nimepata," akasema. "Ila sijui kama bei yake ni ya haki."

Kabibi akajikuta ameshajibu. "Mi najua bunduki, Mayi. Baba alikuwa anazitengeneza."

Kweli alikuwa fundi wa wawindaji kule Fizi. Kabibi akiwa mtoto ndiye aliyemshikia mtutu kwenye mwanga wakati baba anachungulia ndani.

Basi akafanya vile vile. Akavuta komeo, akahakikisha haina risasi. Akauelekeza mtutu dirishani.

Mifereji ya ndani imeliwa na kutu. Namba ya kwenye komeo si ile ya kwenye mtutu, maana yake komeo lilibadilishwa. Kitako kilishapasuka kikagundishwa, na rangi imepakwa kuficha.

"Bei ya haki ni ng'ombe mmoja aliyenona," akasema. "Anayependa vitu vya zamani hawezi kukupa zaidi."

Mayi Kadzombe akacheka. "Mbona huyu anatoa ya ng'ombe wanne?"

Hapo ndipo Kabibi aliposikia tena kile kikohozi.

"Alikuuliza nini, Mayi?"

"Kama inapiga. Na kama risasi zipo."

"Hakutazama namba? Hakuangalia kitako?"

"Hata hakuigusa. Hakuomba nimpunguzie hata kidogo."

Kabibi akairudisha mezani. Vidole vilikuwa vinanuka mafuta ya bunduki, na mafuta hayo hayakuwemo mle ndani. Bunduki ilikuwa kavu kabisa.

"Usimuuzie," akasema.

Uso wa mama ukabadilika. "Kumbe we una mnunuzi wako."

Kabibi akachukua utepe wake wa kupimia, akaondoka.

Nyumbani Dzaleka akamwambia mumewe, Raphaël. Raphaël akatikisa kichwa. "Umepoteza mteja, mama Ketsia. Mambo ya batu ya Area 18 ni ya kwao. Sisi tuko bageni hapa."

Kuna jambo ambalo hata Raphaël hakuwahi kulisikia.

Kesho yake akapanda minibasi akarudi mjini. Mayi Kadzombe alimfungulia kwa shingo upande. Kabibi hakukaa hata kwenye kiti.

"Baba yangu naye alipata mnunuzi kama huyo, wa bunduki aliyoitengeneza," akasema. "Hakuomba apunguziwe. Aliuliza risasi tu. Baba akafurahi, siku hiyo tukala nyama."

Mama akawa anamsikiliza.

"Mvua hazijaisha, wenye silaha wakaingia kijijini. Baba alikuwa mlangoni pa karakana. Tukasikia mlio mmoja wa bunduki huko sokoni. Akasema, 'Ile ni ya kwangu.' Fundi anaijua sauti ya kazi yake, Mayi. Mlio wa pili ndio uliompata yeye."

"Pole, mwanangu."

"Aliishi mpaka jioni. Neno lake la mwisho, 'Kabibi, niliuza bei nzuri mno.'"

Mayi Kadzombe akavuta kiti, akaketi.

"Sikuombi uniamini," Kabibi akasema. "Mpigie tu. Mwambie aje na kibali chake, mkaandikishane polisi."

Mayi Kadzombe akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Njoo na kibali chako, bwana. Tunamalizia polisi."

Wakamsikia anapumua. Akapumua tena. Simu ikakatwa, na namba ile haikupatikana tena.

Ungedhani yameishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Wakati wa kuvuna mahindi, mke wa yule mdogo wake Mayi Kadzombe akatokea Area 18 na watoto na nguo zao. Akapiga magoti, akalia kabla ya salamu.

Mnunuzi alitumwa na mumewe. Hela ya ng'ombe wanne ilitokana na ng'ombe wao wa kukokota plau, aliwauza wote.

"Alisema ataipata tena yote shamba likibaki lake peke yake," yule mwanamke akasema. "Bunduki ilikuwa irudi hapa hapa, Mayi. Kwako."

Mayi Kadzombe aliipeleka bunduki polisi iharibiwe, na akaandikisha maelezo dhidi ya mdogo wake. Hata ng'ombe mmoja hakupata. Wifi yake na watoto wanaishi naye mpaka leo.

Watu wa kanisani wanamwambia Kabibi ameokoa mtu, amshukuru Mungu. Anashukuru. Lakini juzi tukiwa kisimani aliniambia, "Mi nawaza tu, kule Fizi mbona hakutokea mtu wa kumuuliza baba habari za mnunuzi wake?"

Nilimtwisha ndoo, tukaondoka.

Ndugu yangu unayesoma, ukiuza kitu kinachoweza kuua, ukishajua thamani yake bado hujamaliza. Mtazame usoni anayekinunua, umuulize anakitakia nini. Akikupa zaidi ya bei ya haki na hataki hata kukishika, usifurahi haraka.