Watoto Waliofutwa Pamoja na Mama Zao

Saa mbili na nusu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha zahanati, mwanamke mmoja amepiga magoti mbele ya karatasi kubwa iliyotandazwa sakafuni. Ana rula, penseli na kifutio kilicholika. Kompyuta ipo mezani, imezimwa.

"Nikianzia huko nafanya pupa," anasema. "Karatasi inanilazimisha nifikiri."

Kazi yake ni kusanifu kanzidata, yaani kupanga majedwali yanayotunza kumbukumbu za wagonjwa. Wauguzi wamembandika jina: Bi Majedwali. Mpango wa kwanza alioichorea zahanati hii, miaka mitatu iliyopita, ulimletea sifa hadi akavimba kichwa. Anakiri mwenyewe.

Ulikuwa mpango rahisi. Kila mama alipewa namba, na jedwali la watoto na lile la chanjo yote mawili yakashikizwa kwenye namba hiyo hiyo. Kisha akaweka sharti: mama akiondolewa, kila kilichoshikamana naye kiondoke.

"Nilichukia takataka. Sikutaka chanjo ibaki haina mwenyewe."

Siku moja karani akampigia simu. Zahanati ilikuwa imemtumia ujumbe wa kumkumbusha kliniki mama aliyekwisha kufariki, na simu ya marehemu alikuwa nayo mama yake mzazi.

"Dada, bibi wa watu analia hapa. Nifanyeje?"

"Mfute tu," alimjibu, kikombe cha chai mkononi.

Karani akafuta. Akaendelea kuwafuta na marehemu wengine, kwa nia njema kabisa. Miezi mitano baadaye bibi yule alikuja na mjukuu wake, akaambiwa mtoto hayumo. Kadi ilikuwa imepotea katika purukushani za msiba. Mtoto akaanzishiwa sindano upya, moja baada ya nyingine.

Bi Majedwali alikuwapo siku hiyo. Bibi hakupaza sauti. "Mwanangu, kwani mama akifa, na mtoto naye mnamzika?"

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema. Anafuta mstari ambao haukuwa na kosa, anauchora tena.

Watoto kumi na tisa walikuwa wamepotea. Kumi na mmoja walipatikana kwenye nakala ya akiba, saba kwenye kadi zilizokuwa nyumbani. Amebaki mjukuu wa bibi yule, aliyeandikishwa baada ya nakala kuchukuliwa. Alizaliwa mbali, mama yake akiwa kazini huko, na tarehe ya kuzaliwa aliijua mama peke yake. Bibi anachokumbuka ni kwamba mvua ilikuwa ikinyesha.

Katika mchoro mpya kila mtoto ana namba yake mwenyewe. Mama akifariki anawekewa alama tu, hafutwi.

Alhamisi Bi Majedwali atafuatana na bibi hadi hospitali alikozaliwa mtoto, wakapekue madaftari ya wodi ya wazazi. Ameomba ruhusa ya siku mbili.

"Nikiikosa tarehe, sitamtupia karani lawama," anasema. "Mtoto akikua nitamwambia mwenyewe: mama yako aliiacha imeandikwa, mimi nikaifuta."