Mzaramo wa Kichuguuni

Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu, nimeshiba, na jua linawaka. Nalitaja jua kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza kwanza kama ilikuwa usiku wa manane, halafu kama nilikuwa na homa. Haikuwa usiku na sikuwa na homa. Ilikuwa Jumamosi alasiri, hapa hapa Tabora, na kama mtu angekuwa anajichagulia mzimu wa kumtokea, niamini, mimi nisingemchagua huyu.

Kazi yangu ni asali. Inakuja kwenye madumu kutoka Ipole, naichuja na kuitia kwenye chupa nyumbani kwa shangazi yangu, mtaa wa Chemchem. Nilirudi kwake ndoa yangu ilipovunjika huko Dar es Salaam, na tangu siku hiyo mji mzima ukawa unanisalimia kwa sauti ya msibani. "Pole mwanangu, utapata mwingine." Nani kasema namtaka mwingine? Nilichotaka ni mahali pasipo na mtu wa kunionea huruma, na mahali hapo nilipapata kwenye kompyuta.

Ni mchezo wa kwenye intaneti. Unajitengenezea mtu wako, unampa jina, unaingia naye kwenye nchi kubwa yenye misitu na majitu, na humo unakutana na watu wengine wa kweli, kila mmoja yuko kwake, mnaongea kwa hedifoni. Mtu wangu nilimpa jina la marehemu bibi yangu, Nyamizi. Wenzake wanapigana, yeye anasimama nyuma anawaponya majeraha. Sasa, kuna ngome ambazo mtu hawezi kuzivamia peke yake, lazima awe na kikosi. Kikosi nilichokitaka kilikuwa cha Watanzania watupu, kiongozi wao dada mmoja wa Morogoro anaitwa Neema. Hawakujua habari za ndoa yangu. Waliniita Mponyaji, basi, na hujui raha ya kuitwa kwa kazi yako tu.

Lakini masharti ya kuingia! Jamani, nimewahi kuomba kazi ya ofisini nikasumbuliwa kidogo kuliko pale. Uwe na nguo za vita za kiwango chao. Ujue kila jitu linapiga upande gani na linapumzika lini. Uwe na ghala la dawa ulizochanganya mwenyewe kwa maua ya msitu wa humo mchezoni. Halafu Jumamosi saa tisa uje ujaribiwe mbele ya wote. Wiki nzima nikimaliza asali nakaa kuchuma maua, na shangazi anapita na beseni, anasimama nyuma ya kiti changu.

"Hayo maua yanaliwa?"

"Hayaliwi, shangazi."

"Yanauzwa?"

"Shangazi, naomba."

Anaondoka akiguna, na mimi nimeshakosea ua.

Nilikuwa katika kuchuma huko ndipo alipokuja. Nilisikia njuga kwanza, zile kengele ndogo za kufunga miguuni, kisha nikamwona mtu anatoka kati ya miti. Wachezaji wote wa mchezo ule wanapenda makuu, huyu ana mabawa, yule kofia ya dhahabu. Huyu alikuwa kifua wazi, pekupeku, begani ana mzigo mrefu uliofungwa kwa ngozi. Juu ya kichwa chake hapakuandikwa jina, wakati kila mchezaji huandikwa. Nikadhani ni hitilafu ya mtandao.

"Nyamizi! Mnyamwezi huyo! Mtani wangu!" Sauti ilikuwa ya mwanaume mtu mzima mwenye kicheko, ila kama anaita kutoka ng'ambo ya bonde.

"Mtani wa wapi wewe?"

"Mzaramo. Mmenibebesha mizigo mpaka huku kwenu, hata maji hamnipi?"

Kama unatoka kwetu, hapa huhitaji maelezo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu wabebe mizigo pamoja kwenye misafara ya kwenda na kurudi pwani. Mtani akikutukana unacheka. Akibeba kitu chako unacheka. Na akifa, wewe ndiye unayehangaika na kaburi lake huku unamsema marehemu mpaka wafiwa wacheke. Kwa hiyo nilimjibu kama ambavyo ungemjibu wewe, nikamwambia Mzaramo hana nguvu za kubeba hata kikombe. Akacheka, akanyoosha mkono, akachukua chupa zangu za dawa.

Uelewe kwamba kwenye mchezo ule hakuna anayeweza kukuchukulia kitu mpaka wewe ubonyeze kukubali. Mimi sikubonyeza chochote. Mtu mwenye akili angeogopa hapo. Mimi nilipandwa na hasira, maana maua ya dawa zile niliyachuma siku mbili.

"Mwizi mkubwa we!" nikamwambia. "Ukifa nakuzika mwenyewe, tena kwenye kaburi fupi, miguu ibaki nje!"

Ni utani wa kawaida kabisa. Umeusikia harusini, umeusikia sokoni. Lakini njuga zilinyamaza ghafla.

"Umesema, mtani," akajibu, na safari hii hakucheka. "Wote niliowaita kabla yako hawakusema."

Mara sauti ya Neema ikaingia masikioni. "Mponyaji, unaongea na nani? Nakuona huko msituni peke yako, unautukana mti."

Tangu hapo sikupumua. Nikitengeneza dawa, zinachukuliwa. Nikijifunza ngome, njuga zinapita nyuma yangu. Niliwaandikia wenye mchezo kulalamika, wakanijibu kwa adabu nyingi kwamba hakuna mtu aliyegusa mfuko wangu, wakanishauri nibadilishe nywila. Nikabadilisha. Jioni ile ile alikuja akanisalimia kwa jina langu halisi.

Alhamisi aliniambia nimfuate. Nilimfuata ili nimpe maneno yake, sikufuata kwa hiari njema. Tukavuka mto, na mahali ambapo jana yake palikuwa na ziwa nikaona kichuguu kikubwa kilichopasuka kichwa, mninga ulioinama pembeni, na ua wa minyaa. Lile ni shamba la marehemu baba yangu, kule Itetemia. Mchezo umetengenezwa na watu wa ng'ambo, wasioijua hata Tanzania iko wapi. Nani aliwapeleka Itetemia?

Akatua mzigo chini ya kichuguu. "Ni hapa," akasema. "Nilishikwa na homa njiani. Wakaniambia nipumzike, watanirudia. Watani zangu walikuwa mbele kabisa kwenye msafara. Nikawaita, hawakugeuka."

Nilizima kompyuta nikaenda kumwambia shangazi. Shangazi ni Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, nikategemea atanikemea niache mambo ya mizimu. Aliacha kuchuja asali.

"Ulimwambia utamzika?"

"Nilikuwa natania, shangazi."

"Na yeye ni mtani. Ulitaka akuelewe vipi?" Akafuta mikono. "Nenda kesho, kabla mvua hazijaanza."

"Nitakwenda Jumapili. Kesho natengeneza dawa, Jumamosi nina majaribio."

Aliniangalia kama anavyoangalia asali iliyochacha, akarudi kwenye kazi yake. Lakini ningefanyaje? Huyo bwana alikuwa amelala pale tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Siku mbili zaidi zingempunguzia nini? Ndivyo nilivyojiambia, na ilikuwa na mantiki kabisa.

Jumamosi saa tisa tukaingia ngomeni, kikosi kizima, Neema akipanga watu. Jitu likatoka. Wenzangu wakaanza kuumia, nikaanza kuponya, na hapo ndipo nikasikia njuga. Alikuja akasimama katikati ya vita na mzigo wake begani. Kila uponyaji niliomtumia mwenzangu ulikwenda kwake. Nikimlenga Neema, unakwenda kwake. Nikilenga wa mwisho kabisa, kwake. Na hauna faida yoyote, kwani mtu aliyekwisha kufa utamponya nini? Wenzangu wakaanguka mmoja mmoja mpaka wakaisha.

"Mponyaji, unamponya nani?" Neema alikuwa anapiga kelele. "Tunarudia saa kumi. Ukifanya hivi tena, dada yangu, basi."

Nikavua hedifoni nikazitupa mezani. Sauti haikukatika.

"Mtani, mawingu hayo."

Ilikuwa inatoka mlangoni. Niligeuka, pale mlangoni hapakuwa na mtu. Lakini njuga zilikuwa zinavuka uwanja taratibu kuelekea barabarani, na kuku wa shangazi wakawa wanapisha njia.

Unadhani nilichukua jembe kwa moyo mwema? Nililichukua nikitukana. Nilitazama saa, nikatazama kompyuta, nikajua nikitoka mlango ule kikosi kimekwisha. Nilitoka. Nilikuwa na hasira na Mzaramo, na Neema, na babu zangu ambao hawakugeuka. Wao walipitiliza na pembe zao za ndovu, na anayetolewa kwenye shughuli zake ni mimi.

Bodaboda alinishusha kwenye njia ya shamba. Mzaramo alikuwa amekaa chini ya kichuguu, safari hii si kwenye kioo. Niliona vumbi miguuni mwake, na bega la kulia lililobonyea kwa kubeba. Sikuweza kumtazama usoni. Nikachimba alipokuwa ananielekeza kwa kidole. Ardhi ilikuwa ngumu, malengelenge yakanitoka, na hatimaye jembe likagonga. Vilikuwa vifupa vichache tu, na njuga moja iliyoliwa na kutu. Mtu mzima amebaki kiasi cha kujaa kitenge kimoja.

Nilivifunga kwenye kitenge changu, nikachimba kaburi lenye urefu kamili na kumlaza. Dini yake sikuijua, nikamwombea kwa ile ninayoijua. Kisha nikakumbuka kwamba mtani hazikwi kimya. Nikasimama pale peke yangu na udongo mikononi.

"Mzaramo mvivu wewe," nikamwambia. "Umelala kwenye shamba la watu miaka yote hii, hata kupalilia hujatusaidia! Umeniharibia kikosi. Hata kufa umeshindwa kwenda kufia kwenu!" Sauti ilianza kunikatika, nami sikutaka ikatike. "Na dawa zangu utazilipa."

Alicheka. Alicheka sana, kwa karibu kabisa, na kicheko hakikuwa tena cha ng'ambo ya bonde. Nilipofukia hadi mwisho nikainua uso, pale kichuguuni hapakuwa na mtu. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka.

Niliporudi nilikuta ujumbe wa Neema. Nafasi imejazwa, ananitakia kila la heri. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kuliko siku niliyofungasha mabegi Dar es Salaam.

Nilikaa karibu mwezi bila kugusa mchezo. Siku niliyoufungua nikajiambia nitatafuta kikosi kingine, nikaanza kuchuma maua. Nikasikia njuga. Hazikuwa za mtu mmoja. Kati ya miti ulitoka mstari wa watu pekupeku, kila mmoja na mzigo, wamefuatana mpaka mwisho wa kioo na nyuma ya hapo wakiendelea. Mbele kabisa alikuwa mama na mtoto mgongoni.

"Tumesikia wewe unazika," akasema.

Kompyuta nimeiuza. Haijasaidia. Nikimpigia mteja wa asali, nyuma ya sauti yake nazisikia njuga, na mtu ananitajia mahali kwa upole. Wengine ni Wagogo, wengine Waluguru, wengine hata si watani zangu, nao wamejipanga. Jumapili nikitoka kanisani napita na jembe barabarani, na wale wa "pole mwanangu" sasa wanasema kuachwa kumenichanganya akili.

Ndiyo maana nakuonya, wewe unayekaa na hedifoni unajibizana na usiowajua. Tania upendavyo, tukana, mwambie mtu ni mwizi. Lakini usimwambie mtu unayemsikia sauti tu na humjui kwamba utamzika. Njia ile ya misafara ilikuwa ndefu, na walioachwa kando yake wanasikia.

Juzi yule mama wa mbele aliniuliza kama ninaweza kumchimbia kaburi la watu wawili, kwenye njia ya kwenda Ipole. Nikamjibu kwa ukali kwamba mgongo unaniuma, mikono imechubuka, na Tabora hii ina watu wengi wenye majembe.

Hakubishana nami. "Haya," akasema, "tutasubiri." Nikamsikia anamtuliza mtoto.

Kesho naenda.