Maji Baridi Ndani ya Ngama

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi simu yangu iliita. Alikuwa shemeji, mume wa dada yangu, ambaye nimenunua naye boti ndogo ya mbao yenye injini ya dizeli na chumba cha vitanda viwili. Wiki moja anaitumia yeye, wiki inayofuata mimi. Tunapeleka wageni Mto Ruvu kutazama viboko. Wiki yangu ilikuwa imekwisha jana yake bila mgeni hata mmoja, na boti haikusogea. Nilikuwa nimemwambia hivyo.

"Shemeji, ngama imejaa maji," alisema. "Maji baridi."

Ngama ni sehemu ya chini kabisa ya chombo, ambako maji yanayopenya hukusanyika. Neno hilo nililipata kwake. Mimi ni mtu wa Lugoba, bara, na mambo ya boti nimeyasoma vitabuni nikiwa mtu mzima. Vitabu vinasema maji ya ngama yakiwa na joto, angalia injini.

Nilichukua bodaboda kutoka Dunda mpaka kwenye mkono wa bahari tunapofunga boti. Nilitumbukiza mkono ndani ya ngama. Maji yalikuwa vuguvugu.

Nilijiuliza kwa nini mtu ambaye hakuulizwa joto la maji alitaje, tena kwa uongo. Nilipata jibu moja tu: aliwasha injini usiku kwa safari nisiyoijua, na hakutaka niifikirie injini. Niliishika. Ilikuwa imepoa, lakini injini hupoa.

Tulikumba maji yote, tukayamwaga nje. Jioni nilirudi peke yangu, nikafunga uzi mweusi kwenye mfuniko wa injini. Asubuhi uzi ulikuwa mzima na ngama ilikuwa na maji tena. Mwingine angeridhika. Mimi niliukagua uzi, nikaona fundo limekaa upande ambao sikukumbuka kuliacha.

Naye alikuwa amebadilika. Alizoea kunitania kila nikishika bisibisi; sasa utani ulikwisha. Siku ya tatu alikuja na fundi, ambaye aligongagonga mbao kwa kipini cha nyundo, akasema boti ipandishwe ufukweni na mianya yote izibwe upya kwa pamba, kisha ipakwe deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Shemeji alitamka mbele ya dada kwamba gharama zote ni zangu, na kama sitaki, chombo kiuzwe tugawane. Dada alitutazama mmoja mmoja, akaingia jikoni. Kuiuza boti kwa namna ile kulimaanisha kwamba ningeacha kukanyaga nyumba yake. Nikatoa malipo ya awali.

Asubuhi ya kuipandisha tulikaa wawili ndani ya boti tukimsubiri fundi. Nilishindwa kuvumilia.

"Ulisema maji baridi. Niliyashika, yalikuwa na joto. Ulikuwa unanificha nini?"

Akajibu, "Baridi, shemeji. Yasiyo na chumvi. Nyie wa Lugoba maji yenu yote ni ya ndoo, mtajuaje?"

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu samaki wa maji baridi, na maana yake naijua. Asubuhi ile, kwenye simu, ilinipita.

"Sasa niambie wewe," aliendelea. "Hapa ni chumvi tupu. Siku ile nilionja. Maji ya mto yameingiaje humu, kama hukwenda Ruvu na wageni wako kwa siri ukagonga kisiki?"

Nilichota kwa kiganja nikaonja. Hayakuwa na chumvi. Yalikuwa na ladha ya plastiki. Tuliinua godoro kwa pamoja. Chini ya kitanda kuna tangi la maji ya kunywa. Kibano cha mpira wake kilikuwa kimeliwa na kutu, na tangi tulilodhani limejaa lilikuwa karibu tupu.

Nilinunua kibano kisichoshika kutu. Wenye boti wenzangu nawaambia: kabla ya kukumba maji ya ngama, yaonje. Yakiwa na chumvi, kagua mbao. Yakiwa baridi, kagua tangi, au kumbuka kama mvua ilinyesha. Yakiwa na dizeli, yateme. Shemeji huonja kila zamu yake inapoanza, nami nikifika huonja tena, yeye akiwa ananiangalia. Uzi mweusi sijautupa.

Fundi hakurudisha malipo. Alisema pamba na mafuta alishanunua. Nilimwomba anionyeshe, akasema viko kwa mke wake mdogo, na mke mdogo amesafiri. Shemeji, aliyemleta, alikubali tugawane hasara nusu kwa nusu. Jumla yake ni shilingi laki moja na nusu.