Siku Wavulana Walipogawa Uji

Mkufunzi wetu alikuwa mama mnene wa Kilimanjaro, mcheshi, asiyemwonea mtu haya. Tulikuwa wanawake tisa tunaosomea ualimu wa watoto wadogo, kwenye ukumbi mmoja jirani na Mnazi Mmoja. Siku ya kwanza alituuliza, "Ndugu walimu, darasani kwenu nani anafagia?" Tukajibu kwa pamoja: wasichana. "Na kengele anagonga nani?" Wavulana. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Samaki hukunjwa angali mbichi, alisema, lakini sisi tumeshakuwa ng'onda, samaki mkavu. Nilimpenda hapo hapo, ingawa nilinuna.

Mazoezi nilipangiwa shule ya vidudu ya mtaani kwetu Kariakoo, ambako nilikuwa nimeshasaidia mwaka mzima. Mkufunzi angekuja kunitazama asubuhi moja tu. Nikimridhisha, napata cheti. Nikishindwa, narudi sokoni kwa shangazi kupima dagaa, na shangazi, Mungu amrehemu, alikuwa ameshaniwekea kigoda.

Nikapania. Wakati wa uji, siku zote wasichana ndio waliogawa. Asubuhi aliyokuja mkufunzi nikageuza mambo: wavulana washike kata, wasichana wakae mkekani. Sikuwaandaa. Nilitaka mgeni aone jambo jipya kabisa, na mimi nionekane hodari.

Wavulana walifurahi kupita kiasi. Mmoja wao, mtoto wa fundi wa mtaa wa Gerezani, alijimwagia uji mguuni, bahati ulikuwa umepoa. Mkufunzi alikuwa amekaa pembeni na daftari lake, anatabasamu. Moyoni nikasema cheti hicho changu.

Kumbe msichana mmoja, mdogo kuliko wote na hodari wa kugawa kuliko wote, hajagusa kikombe chake. Machozi yanamtoka kimya kimya. Nikainama, nikamwambia anywe. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu," akanong'ona, "nimekosa nini?"

Mwaka mzima, msichana akipiga kelele nilimwambia, "Leo hugawi uji," nikamkalisha mkekani pale pale. Ndiyo ilikuwa adhabu yangu kwa wasichana, na niliiona adhabu ya upole. Sasa nilikuwa nimewaadhibu wote kwa mpigo. Nikawatazama, wameinamisha vichwa, kila mmoja anatafuta kosa lake.

Mkufunzi hakuwa amesikia. Ningeweza kumpa mtoto kipande cha muwa, akanyamaza, mambo yakaisha. Na kweli nilifikiria dagaa, siwezi kusema uongo. Lakini yale macho yalinishinda.

Nikakaa mkekani katikati yao, nikasema kwa sauti, "Wanangu, hamjakosa kitu. Aliyekosa ni mimi mwalimu wenu." Nikawaambia kwamba kukaa na kupewa uji si adhabu tena, na kuanzia kesho tutagawa kwa zamu, wasichana na wavulana. Kalamu ya mkufunzi ilikuwa inakwenda mbio. Sikuthubutu kumtazama. Nikamwita yule mtoto wa fundi, nikamwomba anigawie na mimi. Akanipa nusu kikombe, nikanywa.

Msichana alinitazama mpaka nilipomaliza. Akafuta kamasi kwa mkono, akanywa uji wake wote, kisha akamnyooshea mvulana kikombe, wala hakuinuka.

"Niongeze," akamwambia. "Ujaze."